Safari: Neno Letu Katika Kinywa cha Waingereza

Ndugu msomaji, fikiri kidogo kwamba uko ndani ya darasa, saa ya Kiingereza. Mwalimu anafungua kitabu na kusoma habari za watu waliotoka Uingereza, wakapanda ndege mpaka Kenya, wakavaa kofia kubwa, wakaingia katika gari na kwenda kuangalia simba na tembo. Kitabu kinasema watu hao walikuwa «on safari». Mara moja mtoto mmoja wa nyuma anainua mkono:

«Mwalimu, hii neno ni yetu! Namna gani iko mu kitabu ya bazungu?»

Mwingine anauliza: «Na mama yangu akienda Kindu kuuzisha mafuta, yeye pia ataona simba?»

Darasa zima linacheka. Lakini maulizo haya mawili ni mazuri sana, na mtu mzima asiyajibu kwa haraka. Ulizo la kwanza ni juu ya mahali neno lilikotoka. La pili ni juu ya maana yake: kwa nini neno moja linasema jambo moja kwetu, na jambo lingine kwa Waingereza? Sisi wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare tuna sababu kubwa ya kujua jibu, kwa maana njia ambayo neno hili lilipita ilipita mlangoni petu.

NENO HILI LILITOKA WAPI?

Watu wa pwani, wale wa Unguja, Bagamoyo na Mombasa, walilipokea neno hili kutoka kwa Waarabu, wanaosema «safar» kwa mwendo wa mbali. Wahindi nao wanasema «safar», na Waturuki wanasema «sefer». Ni neno moja lililotembea pande zote za bahari. Waswahili waliongeza sauti ya mwisho, likawa safari, kisha likazaa watoto: kusafiri, msafiri, kusafirisha, na msafara, ndiyo kundi la watu wanaokwenda pamoja.

Kwetu Maniema neno liliingia kwa miguu. Kati ya miaka ya 1860 na 1890, wafanya biashara wa pwani na watu wao, wale tuliowaita Wangwana, walifika wakitafuta pembe za tembo na watumwa. Walijenga vituo Nyangwe, Kasongo na Kabambare. Lugha yao ilibaki, nasi tunaiita Kingwana mpaka leo. Kwa hivi, mtoto yule wa nyuma anaposema neno hili ni letu, anasema kweli. Lakini ajue kwamba hata kwetu lilifika kama mgeni.

Waingereza wao walilipataje? Mwaka 1857 Richard Burton na mwenzake John Speke walitoka pwani kwenda kutafuta maziwa makubwa, wakafika Ujiji mwezi wa pili 1858. Burton alikuwa mtu wa kupenda lugha. Aliporudi kwao aliandika habari za mwendo ule, na maandiko yake ya 1859 na 1860 ni kati ya ya kwanza ya Kiingereza yenye neno safari. Nyuma yake wengine wakalitumia, likazoeleka, likaingia katika kamusi. Baadaye Wafaransa nao wakalipokea kutoka kwa Waingereza. Ndiyo maana utalikuta katika kitabu cha Kifaransa vilevile.

KWA NINI WALILIHITAJI?

Utasema: «Lakini Waingereza wana maneno yao mingi kwa kusema mwendo!» Ni kweli. Wana neno la mwendo mrefu, la mwendo mfupi, la kuvuka bahari. Lakini walipofika inchi zetu waliona kitu ambacho kwao hakikuwa na jina: mstari mrefu wa watu, mmoja nyuma ya mwingine, katika njia nyembamba ya majani. Mbele kiongozi na bendera na ngoma. Kisha wapagazi na mizigo juu ya kichwa ao begani: vitambaa, ushanga, bunduki, chumvi. Kisha wapishi, wanawake, watoto, wagonjwa. Kitu hiki kizima ndicho walichokiita safari. Katika Kiingereza cha siku zile safari haikuwa mwendo tu; ilikuwa hata wale watu wenyewe. Mwingereza aliweza kuandika kwamba safari imeketi chini ya mti, ao safari ina njaa.

Shika neno hilo vizuri, msomaji, kwa maana tutalirudia: mwanzoni, safari ilikuwa watu.

Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, maana yake kama kilo 30, siku kwa siku. Wamoja walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi wa upande wa Tabora, waliokwenda kwa mshahara na kujivunia kazi yao. Wengine walikuwa watumwa, wamefungwa minyororo ao miti shingoni, na juu ya hayo pembe ya tembo begani. Kutoka Nyangwe mpaka Ujiji Livingstone alitembea miezi mitatu katika mwaka 1871, na kutoka Ujiji mpaka bahari njia ilikuwa ingali ndefu. Tippu Tip mwenyewe, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliandikisha habari za maisha yake kwa Kiswahili, na maisha yale karibu yote ni safari. Lakini majina ya wale waliobeba pembe zake, ni wangapi tunaoyajua?

SIKU YA SOKO, NYANGWE

Watu wa Nyangwe hawakuhitaji kwenda mbali ili wajue safari ni nini. Safari iliwafikia nyumbani.

David Livingstone alifika hapa mwisho wa mwezi wa tatu 1871, akitafuta mtumbwi wa kufuata mto Lualaba. Alikosa mtumbwi, akakaa miezi, na mara kwa mara alikwenda sokoni kuangalia. Alipenda soko la Nyangwe. Watu zaidi ya elfu moja walikutana pale, wengi wao wanawake, na samaki, chumvi, kuku, vyungu na mafuta ya mawese. Aliona mama zetu wakibishana juu ya bei, wakicheka, wakirudi nyumbani na vikapu vizito. Karatasi zilikuwa zimemwishia, kwa hivi aliandika juu ya magazeti ya zamani, na wino aliutengeneza kwa rangi ya mimea. Maandiko hayo yalififia hata hayakusomeka vizuri. Katika mwaka 2011 wenye ujuzi waliyapiga picha kwa mwangaza wa namna mbalimbali, na maneno yakatokea tena.

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wa mfanya biashara mmoja aliyeitwa Dugumbe waliingia sokoni na bunduki. Ugomvi ulianza juu ya bei ya kuku. Kisha wakapiga risasi katika kundi la watu. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kuzama, wengi wakamezwa na Lualaba. Wafanya biashara wenyewe walihesabu kati ya 330 na 400 waliokufa, wengi wao wanawake. Livingstone alivunjika moyo, akageuka kurudi Ujiji. Barua zake juu ya siku ile zilisomwa Uingereza, zikaongeza nguvu kwa wale waliotaka soko la watumwa la Unguja lifungwe. Lilifungwa kwa mapatano ya mwezi wa sita 1873.

Miaka mitatu nyuma ya siku ile, katika 1874, Verney Cameron alipita Nyangwe, na mwaka uliofuata akafika bahari ya magharibi. Kisha Stanley alikuja, akapatana na Tippu Tip, akaondoka Nyangwe tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1876 kufuata mto. Alifika Boma mwezi wa nane 1877. Wazungu watatu waliotoka naye walikuwa wamekufa wote. Na katika wale Waafrika waliotoka naye pwani ya mashariki, zaidi ya nusu hawakufika: wamoja walikufa kwa maji, kwa ndui, kwa njaa, kwa mishale, wengine walikimbia. Vitabu vinasema Stanley alivuka Afrika. Ni sawa. Lakini hakuvuka peke yake, wala mzigo hakuubeba yeye.

MIKONO ISIYO NA MAJINA

Kuna safari moja ambayo kila kijana angepaswa kuijua. Livingstone alikufa mwezi wa tano 1873, katika kijiji cha Chitambo, inchi ya Zambia ya leo. Watu wake hawakumwacha. Chuma, Susi, Jacob Wainwright, Halima aliyekuwa mpishi, na wengine wengi, walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaufunga kama mzigo wa vitambaa ili wasizuiwe njiani. Kisha wakaubeba. Walitembea zaidi ya kilometa 1,500, karibu miezi tisa, mpaka Bagamoyo, ambako walifika mwezi wa pili 1874. Wamoja wao walikufa njiani.

Mwili ulizikwa London, katika kanisa kubwa la Westminster, tarehe 18 mwezi wa nne 1874. Juu ya kaburi kuna jiwe. Jiwe linasema kwamba aliletwa na mikono ya uaminifu, kupita inchi kavu na bahari. Maneno mazuri. Lakini wenye mikono ile hawatajwi majina.

Sasa unaona, ndugu msomaji, kwa nini nilikuomba ushike lile neno: safari ilikuwa watu.

NAMNA MAANA ILIVYOPUNGUA

Maneno ni kama wasafiri: wakikaa sana ugenini, wanabadili mavazi. Wakoloni walipopata Kenya na reli yake, wazungu matajiri walianza kuja Nairobi si kwa kutafuta mito, bali kwa kuwinda. Anayejulikana zaidi ni Theodore Roosevelt. Alipomaliza kutawala Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa nne 1909 na mtoto wake Kermit. Kwa mwaka mzima walikusanya wanyama kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya kwao. Wao wawili peke yao waliua wanyama 512. Walifika hata Lado, ambayo siku zile ilikuwa bado chini ya Wabelgiji, ili wapige kifaru mweupe. Wapagazi zaidi ya 200 walibeba mahema, chumvi ya kukaushia ngozi, na hata vitabu vyake vya kusoma. Roosevelt aliandika kitabu katika 1910, watu wengi wakakisoma, na kutoka hapo Wamarekani wakashika kwamba safari ni bunduki na simba.

Miaka michache baadaye vita ya 1914 mpaka 1918 ilifika. Hapo watu wetu walibeba tena, lakini hakuna aliyeiita safari ya furaha. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji lilifika Tabora mwezi wa tisa 1916, na nyuma ya askari walikwenda wapagazi. Kwa vita nzima, upande wa Wabelgiji peke yake, walihesabiwa zaidi ya 200,000. Kwa upande wa Waingereza jeshi la wabebaji liliitwa «Carrier Corps». Kinywa cha Mswahili kikalifanya kuwa Kariakoo. Leo Kariakoo ni soko kubwa la Dar es Salaam, na Nairobi wana Kariokor yao. Angalia biashara hii ya maneno: sisi tuliwapa safari, wakaifanya mchezo wa matajiri, wao walitupa neno la mzigo, nasi tukalifanya jina la soko.

Kisha gari likaja, na mpagazi akaondoka ndani ya neno. Katika 1953 Kenya, Uganda na Tanganyika walianza mashindano makubwa ya magari, na jina lake likawa Safari. Katika 1966, Longleat, kule Uingereza, walifungua bustani ambamo simba wanatembea na watu wanawaangalia kutoka garini. Hiyo nayo ni safari. Katika 1977 Kenya ilikataza kuwinda, kwa hivi wageni wakashika mashini ya picha pahali pa bunduki. Katika 2003 kampuni Apple ya Marekani iliita Safari programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Mtu anaketi katika kiti chake, hatembei hata hatua moja, naye yuko safarini!

Maana ya Kiingereza imepungua hivi: kwanza watu na mizigo na njia, kisha mwindaji na mnyama, mwisho mnyama na picha. Watu walitoka mmoja mmoja.

UTUMIE NEMBO HILI NAMNA GANI?

Wanafunzi, sasa fungua daftari. Ukiandika katika mtihani wa Kiingereza kwamba ulifanya «safari» kwenda Kasongo kumwona shangazi, mwalimu ataelewa, lakini Mwingereza atauliza mliona tembo wangapi. Kwa mwendo wa kawaida wao wanasema «journey» ao «trip». Neno «safari» waweke kwa habari za wanyama wa pori. Wakitaja nyingi wanaongeza herufi s mwishoni, «safaris», kama majina yao mengine. Na Mwingereza akisema mtu yuko «on safari», hana maana kwamba mtu amekwenda sokoni.

Kifaransa ni vilevile: mwendo wa kwenda Bukavu ni «voyage», «safari» ni ya simba.

Lakini ukisema Kiswahili usiogope. Kwetu neno limebaki pana. Mtu wa kazi na mtu wa kilio, mwenye ndege na mwenye miguu mitupu, wote wanafunga safari. Ramani za nyuma ya Biblia zinaonyesha safari za Mtume Paulo, na yeye hakwenda kuangalia simba. Huko Tanzania utasikia hata «safari hii», maana yake mara hii. Hakuna sababu ya kuachia maana yetu kwa sababu wageni wameshika kipande chake kimoja.

NA WEWE UNAYEONDOKA KESHO?

Katika jamaa zetu hakuna nyumba isiyojua safari. Wazee walikwenda Kalima kuchimba kasiterite wakati wa Symétain, kisha wakati wa Sominki iliyoanza katika 1976. Leo vijana wanakwenda kutafuta dhahabu pande za Namoya na Salamabila. Wengine wanasukuma baskeli yenye bidoni za mafuta, siku kwa siku, juu ya njia ileile ya majani. Na huko mashimoni, yuko anayechimba, yuko anayenunua, na yuko anayebeba mfuko wa mchanga kutoka chini mpaka juu. Mara mingi anayebeba ni mdogo kuliko wote, ao ni mwanamke, naye anapata kidogo kuliko wote.

Siandiki haya kwa kukuzuia kuondoka. Njaa haizuiwi kwa maneno, na kazi ni heshima. Lakini kijana, kabla ya kufunga safari, uliza maulizo matatu ambayo mpagazi wa zamani, aliyekuwa huru, aliyauliza pwani kabla ya kuinua mzigo: Mzigo ni wa nani? Nitalipwa nini, na nani ameshuhudia? Nikiugua njiani, nani atapeleka habari nyumbani? Mtumwa hakuwa na ruhusa ya kuyauliza. Wewe unayo. Mtu akikasirika kwa sababu umeuliza, amekwisha kukujibu.

Na wazazi, kijana akiondoka, mwandike: amekwenda wapi, na nani, siku gani. Mama mmoja anaweza kusema: «Alienda tu kule ku mashimo, sijue wapi.» Maneno haya yanauma, kwa sababu ndivyo walivyopotea wale wa zamani: si kwa kuwa hawakuwa na majina, ila hakuna aliyeyaandika.

Kwa hivi, leo jioni, kisha chakula, fanyeni jambo moja. Mwulizeni mzee aliye katika nyumba ao katika mtaa: Nani katika jamaa yetu alibeba? Alibeba nini, kutoka wapi mpaka wapi, kwa ajili ya nani? Alirudi? Pengine atakumbuka jina moja tu la babu aliyekwenda Tabora wakati wa vita, ao bibi aliyebeba chumvi mpaka Kabambare. Jina moja latosha kwa kuanza. Mtoto anayeandika vizuri alitie katika daftari, na mwaka kama unajulikana.

Na yule mtoto aliyeuliza kama mama yake ataona simba katika njia ya Kindu, mjibuni hivi: Hapana, mwanangu. Lakini yeye ndiye anayesafiri kweli. Amebeba.